Mbuzi Wanaendelea Vizuri

3 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, maana dereva wa lori la maziwa ameshawasha injini kunitisha. Usiniambie nikupigie. Simu yangu siku hizi ni ya kutazamia saa tu, tangu mnara ulipoungua na hakuna aliyekuja kuutengeneza.

Mbuzi wamelewa. Sifanyi utani. Ukame umekausha kila kitu isipokuwa lile gugu la maua ya zambarau kule mteremkoni, lile ulilokuja kuchuma ukajaza magunia mawili hadi watu wakasema kusoma kumekuzidi. Mwanzo mbuzi waliligusa kwa njaa. Sasa wanalitafuta wenyewe, na ukiwafukuza wanazunguka na kurudi. Kumi na mmoja wanayumba. Wanatikisa vichwa, wanaruka kijiti kidogo kana kwamba ni gogo. Jana yule jike mweupe tunayemwita Shangazi aligonga ukuta wa jikoni, kisha akasimama hapo hapo akiutazama, kama anayengoja kuombwa radhi.

Mwenye bucha amekuja. Anawataka wote kumi na mmoja wakiwa bado na nyama, na anasema wakikonda nisimtafute. Hawa ndio mbuzi aliotuachia Baba. Wakiondoka nabaki na watatu wazee, na sitakuwa na sababu ya kuendelea kukaa hapa, na mahali pengine pa kwenda sina.

Wewe ndiye unayelijua gugu hili. Umelikamua na kuliweka kwenye vichupa vyako vya maabara miaka yote hii. Nipe neno moja: wakitolewa kwenye gugu watapona, au hawatapona? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Salamu.

Dada yako

*

12 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, mkono mmoja una glavu. Nimechoka hivi kwamba asubuhi nilitia chumvi kwenye chai na nikainywa yote, kwa sababu kuchemsha nyingine ilikuwa kazi. Seli zangu za mwezi uliopita ziliingia ukungu, kabati zima, nikazimwaga na kuanza upya. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka. Profesa si mtu mbaya, ila ameanza kunisemesha kwa upole mno, na upole wake unanitisha kuliko ukali.

Lakini swali lako nina jibu lake, na nimefurahi kwamba angalau mara moja kazi yangu inamfaa mtu wa nyumbani.

Ini, pamoja na shughuli zake nyingine, hutengeneza protini na kuzipeleka kwenye damu. Kabla hazijatoka, seli ya ini inazivika minyororo ya sukari. Zikishavikwa tunaziita glikoprotini, usicheke. Minyororo hiyo huanza ikiwa mikubwa, halafu inapunguzwa na kupangwa upya, kama fundi cherehani anavyopunguza nguo hadi ikae mwilini. Mkasi wa kazi hiyo ni kimeng'enya. Sasa ndani ya gugu lenu mna sumu ya aina ya alkaloidi ambayo umbo lake linafanana na sukari hiyo. Inaingia kwenye mdomo wa mkasi na kukwama. Protini zinatoka kwenye ini zikiwa na minyororo isiyokatwa vizuri, na mabaki ya sukari ambayo seli ilipaswa kuyavunjavunja yanarundikana ndani mpaka seli inavimba.

Wiki chache zilizopita nilizichukua seli za ini la panya zilizokaa kwenye sumu hiyo, nikaziosha, nikazipa chakula kisafi. Siku iliyofuata mkasi ulikuwa unakata tena. Baada ya siku chache uvimbe ulikwisha, na usingeweza kuzitofautisha na seli ambazo hazijawahi kuionja. Nikarudia, ikawa vilevile. Ndilo jambo la kwanza kuninyookea mwaka huu.

Kwa hiyo watapona. Watoe huko, wape majani safi, subiri. Mwambie mwenye bucha aende salama.

Mdogo wako

*

2 Julai

Daktari wa Panya,

Mwenye bucha nimemwondoa kwa maneno yako, nikaongezea na yangu machache. Aliondoka akisema nitamkumbuka.

Mbuzi wako uani, hawatoki. Majani nayafuata kule bondeni kwenye kijito, mahali ambapo hata mbuzi mzima hapendi kwenda. Natoka na mundu kabla jua halijawa kali na kurudi na mzigo kichwani, nautua, nakunywa maji, narudi tena. Shingo yangu imezama mabegani, ukiniona utadhani nimefupishwa. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi. Sikuelezi ili unionee huruma, nakueleza ili ujue majani safi hayaji kwa kuandikwa kwenye karatasi.

Lakini wanakula. Manyoya yameanza kung'aa, mbavu zinapotea. Shangazi amepata tumbo la mke wa mkubwa. Majirani wanakuja kuwatazama, nami nawapa somo lako la mkasi, kwa kujidai kabisa. Mama Pacha wa jirani, yule mwenye mbuzi wanne, aliuliza huo mkasi unanolewa wapi na kama wa kwake unaweza kupelekwa pamoja. Nikamwambia hausafirishwi.

Kula vizuri. Na chumvi iache jikoni.

Dada yako

*

15 Julai

Dada,

Umenichekesha hadi mwenzangu wa meza ya pili akavua miwani. Pole kwa shingo. Ningekuwa huko ningebeba, unajua hivyo, au angalau ningelalamika pembeni yako.

Nilimsomea Profesa kipande cha barua yako, kile cha manyoya. Akasema kwamba seli kwenye kichupa ni jambo moja na mnyama anayetembea ni jingine, na kwamba kama kuna mbuzi walioathirika kweli na sasa wanarudi katika hali yao, basi kazi yetu ina miguu. Ndiyo mara ya kwanza kusema "yetu".

Naomba uniangalizie mambo machache. Wanatembea sawasawa? Wanaliona karai la maji wenyewe? Wakishtushwa wanafanyaje? Na ikitokea mmoja akafa, Mungu aepushe, nitumie kipande cha ini, na kichwa pia, kwenye barafu ya lori la maziwa. Dereva nitamlipa huku.

Jibu mapema ukiweza. Wiki hii nimelala maabara mara mbili, juu ya viti, kwa sababu ya seli ambazo zinataka kubadilishiwa maji kila baada ya muda. Zinanitumikisha kuliko mtoto mchanga na hazijui hata sura yangu. Tegemeo langu limebaki hili tu.

Mdogo wako

*

9 Agosti

Mdogo wangu,

Mbuzi wanaendelea vizuri. Wanatembea. Maji wanakunywa bila shida, nimewafungia kamba kutoka zizini hadi kwenye karai, wanaifuata wenyewe. Hakuna aliyekufa.

Usilale kwenye viti. Baba naye alianza hivyo hivyo na mgongo wake ukamwisha.

Leo sina maneno mengi, mkono hauniruhusu.

Dada yako

*

28 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza.

Nimesimama mbele ya watu, ukumbi umejaa, nikaonyesha seli za ini kabla na baada ya kuoshwa. Kisha nikawaambia habari za mbuzi kumi na mmoja wa mteremkoni, walioondolewa kwenye gugu na kulishwa majani safi, na sasa wanatembea, wanakunywa maji wenyewe, hakuna aliyekufa. Sikukutaja kwa jina, nilisema "mfugaji mzoefu". Mtu mmoja wa ofisi ya mifugo alinifuata mlangoni kabla sijamaliza kushuka ngazi. Wanataka kuwapa wafugaji ushauri kiangazi hiki hiki: usiuze, usichinje, mtoe mnyama kwenye gugu na umsubiri. Watausambaza kwa mabwana mifugo wote.

Mkataba umeongezwa miaka miwili. Profesa ameninunulia chai, ya sukari safari hii.

Bado nimechoka, mifupa yenyewe imechoka, lakini ni uchovu mwingine. Jana nilirudi chumbani kwangu mchana, nikalala na viatu, sikuota chochote. Haya yote yametoka kwenye shingo yako. Najua.

Mdogo wako

*

20 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu kwa sababu sikujua niijibu vipi. Sasa najua, maana sina tena pa kujificha.

Juzi tulikuwa joshoni, kuogesha mifugo. Bwana mifugo alipanda juu ya ukuta wa josho na kipaza sauti chake, akasoma ushauri. Usiuze, usichinje, mtoe kwenye gugu, msubiri, atapona. Imethibitishwa na wataalamu, akasema, na kwa mbuzi wa hapa hapa kwetu. Watu wote wakanigeukia. Wengine walinipiga begani. Mama Pacha, ambaye wawili kati ya wanne wake walishaanza kuyumba, alikuwa amepatana na mwenye bucha asubuhi hiyo. Alimfuata pale pale na kuvunja mapatano, akanifuata akicheka, akaniuliza nikienda kukata majani nitampitia saa ngapi. Mimi nilisimama kama mti.

Mbuzi hawakupona. Nimekudanganya.

Walinenepa, hilo ni kweli, na manyoya ni kweli. Lakini ukipiga makofi wanaanguka chali. Wanainamisha kichwa kunywa na mdomo unashuka kando ya karai, wanakunywa hewa. Kamba niliyokuandikia haikuwa ya urahisi, bila kamba hawafiki. Nilidhani utaliona hilo. Mimba mbili zimetoka. Mtoto mmoja alizaliwa hai na hakujua kunyonya, nilimkamulia kinywani hadi akafa. Wakubwa wawili kati yao walikufa Julai, kabla ile barua yako ya vichwa na barafu haijafika, nikawazika. Ningeweza kukuambia. Nilisoma kwamba tegemeo lako limebaki hili tu, nikasema acha kijana apumue, mimi nitaendelea kukata majani, huenda wakakaa sawa kabla hajajua.

Na nimekukasirikia pia, usidhani mimi ni malaika. Nilikuuliza habari za mbuzi, ukanijibu habari za ini. Ukaandika watapona, neno moja, kama nilivyoomba, bila kuweka labda. Mimi sina kichupa. Nilikuwa na mbuzi mzima, mwenye kichwa na miguu, na mwenye bucha mlangoni.

Shangazi amekufa jana. Kichwa chake na ini viko kwenye lori, ndani ya barafu. Vitazame. Kisha uwaambie hao wa ofisi ya mifugo wafute ushauri wao, upesi, kabla watu hawajamaliza kiangazi wakibebea majani wanyama ambao hawatarudi.

Dada yako

*

1 Oktoba

Dada,

Nimevitazama. Nilivikata mwenyewe, sikumpa mtu.

Ini la Shangazi ni zima. Seli zimekaa vizuri, hakuna uvimbe, na protini zake zina minyororo iliyokatwa inavyotakiwa. Mkasi ulikuwa unafanya kazi. Kwa upande wa ini kila nilichosema ni kweli, na sijui kama hilo linasaidia mtu yeyote. Ubongo ni habari nyingine. Sehemu ya nyuma, inayomfanya mnyama asimame na kutembea, ina seli zilizojaa mashimo, na nyingine hazipo kabisa, zimebaki nafasi. Ini hujijenga upya likipewa nafasi. Seli hizi zikifa hazirudi. Nililijua hili tangu darasani. Nililijua na sikulikumbuka nilipokuandikia, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikilitazama ini tu, nikafikia kudhani mnyama ni ini lenye kwato.

Anayeondolewa mapema, kabla hajaanza kuyumba, huyo anaweza kupona. Aliyekwisha kuyumba wiki nyingi, hapana. Hivyo ndivyo ningekuambia mwezi wa sita kama ningekuwa na akili zangu.

Sasa nakuomba jambo, na naona aibu kuliomba. Nipe mwezi mmoja. Profesa amesafiri. Taarifa ya utafiti iliyobeba jina lake na langu inatoka mwisho wa mwezi huu. Nikisema leo, hawataandika kwamba nilikosea, wataandika kwamba nilibuni mbuzi. Mkataba utakwisha, na atakayekuja baada yangu hatagusa kazi hii tena. Nikipata mwezi nitakusanya ushahidi wa ubongo, nitaleta sahihisho kama ugunduzi wetu wenyewe, kwa utaratibu. Wafugaji watapata ukweli ule ule, ila kwa njia isiyonimaliza.

Usinijibu kwa hasira. Sijalala tangu lori lilipofika, na sitaki kusikia mlango ukigongwa.

Mdogo wako

*

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Sina hasira, nguvu ya hasira inatoka wapi. Lakini mwezi sikukupa.

Barua yako ilifika Mama Pacha akiwa uani kwangu, ananisaidia kufunga mizigo. Mikono yake imeshachanika. Mtoto wake mmoja alikuwa mgongoni, mwingine ameachwa kwa mtu, na alikuwa ananihesabia ni lini mbuzi wake watasimama sawa kwa kufuata wangu. Nikafikiri mwezi mmoja kwako ni karatasi, kwake ni mzigo asubuhi na mzigo jioni. Nikaikunja barua yako nikamwambia kesho twende joshoni.

Nilimchukua yule beberu mweusi, mnene kuliko wote, yule ambaye watu humsifia. Nilimshika pembe njia nzima. Pale joshoni bwana mifugo alinikaribisha nije mbele, alidhani nimeleta mfano. Nikamwachia beberu katikati ya watu na kupiga makofi mara moja. Akaanguka. Akahangaika kuinuka, akaanguka tena, na watu waliokuwa wakicheka wakaacha. Nikawaambia hawa ndio mbuzi mnaoambiwa wamepona. Nikawaambia ni mimi niliyesema wanaendelea vizuri, kwa mdomo wangu na kwa kalamu yangu, na haikuwa kweli. Nikawapa na ile habari yako ya kweli: ambaye hajaanza kuyumba mtoe leo, aliyekwisha yumba usimvunjie mgongo wako.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wanitukane. Bwana mifugo aliuliza kama anaweza kuliandika hilo na kulipeleka ofisini kwao, nikamjibu aliandike kabla sijaondoka. Mzee mmoja alisema ameshamrudisha mwenye bucha mara mbili kwa ajili yangu. Mama Pacha alikwenda kuwachukua wawili wake waliokuwa wanayumba, akawapeleka buchani mwenyewe, kwa bei ambayo sikuthubutu kuuliza. Wawili wazima alishawaondoa mteremkoni, hao anao. Jioni alikuja uani kwangu, akachukua nusu ya rundo la majani bila kuomba, nikamsaidia kulipandisha kichwani.

Jina lako sikulitaja. Nilisema nilidanganya mimi, na huo ni ukweli. Sehemu yako nimekuachia wewe uiseme, kwa Profesa na kwa wale wa ukumbini. Iseme kabla karatasi ya bwana mifugo haijakufikia mezani, usije ukaonekana umefukuzwa na mbuzi. Wakikuondoa, chumba chako kipo, kina magunia ndani lakini nitayatoa. Ukipenda kulia, huku hakuna wa kukusikia isipokuwa mimi.

Mwenye bucha atakuja keshokutwa kuwachukua waliobaki. Nimemwomba aje asubuhi, nisiwe na siku nzima ya kumngoja. Leo sikwenda bondeni. Nimekaa kizingitini na mkono wangu mapajani, na wao wamelala wote upande mmoja wa zizi, wanatafuna nilichowakatia jana.

Najua barua yako ijayo utaniuliza ninaendeleaje. Usiniulize kwa barua, maana unanijua, nitakuandikia kwamba naendelea vizuri. Panda lori la maziwa uje unitazame mwenyewe.

Dada yako